Nyasi za Mwenye Nyumba

Kabla ya kuhamia Berchem, Ubelgiji, sikuwahi kukata nyasi ili zibaki. Kwetu Morogoro nyasi zikiota karibu na nyumba zinang'olewa na mizizi yake, uwanja unaparuliwa kwa jembe, kisha unafagiwa kila asubuhi mpaka mchanga unabaki na michirizi ya ufagio. Mwanamke mwenye nyasi uwanjani husemwa. Watu huanza kwa kuuliza kama anaumwa, na wakiambiwa ni mzima wa afya, basi wanajua ni mvivu. Mama alinitoa kitandani alfajiri utoto wangu wote kwa ajili ya uwanja, na mpaka leo nikiona majani yamesimama mlangoni kwa mtu, mikono inaniwasha.

Kwa hiyo fikiria nilivyojisikia siku mume wangu aliponisomea kifungu cha kumi na nne cha mkataba wa pango. Yeye alikuwa mtumishi wa ngazi ya chini ubalozini, na Kifaransa alikuwa amekiokota kwenye darasa la jioni, kwa hiyo alisoma polepole huku kidole kikifuata mstari. Mpangaji wa chini, kifungu kilisema, ndiye mwenye haki ya kutumia bustani peke yake, na ndiye mwenye jukumu la kuitunza. Atakata nyasi kila wiki mbili kuanzia masika ya kule mpaka majani ya miti yapukutike. Atapunguza ua wa miti mara mbili kwa mwaka. Ataondoa magugu kwenye kijia cha mawe. Hatabadilisha chochote bila ruhusa ya maandishi.

"Kwa hiyo natunza majani," nikasema.

"Unatunza majani, mke wangu. Hiyo ndiyo agreement."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Lakini nilikubali, na ningekubali hata kama kingesema nizipake nyasi mafuta. Miaka miwili tulikuwa tumeishi Ixelles, ghorofa ya tano, chumba na sebule juu ya barabara ya mabasi, bila hata kibaraza cha kuanikia nguo. Nilikuwa nimeshamwambia mume wangu kwamba mimi narudi nyumbani, yeye amalizie mkataba wake wa kazi, tutaonana likizo. Sikuwa natishia, nguo zangu zilikuwa sandukuni. Ndipo akapata ile nyumba ya Berchem, sehemu ya chini, yenye uwanja nyuma. Nilipotoka kwa mlango wa jikoni nikavua viatu nikakanyaga udongo, niliona naweza kukaa. Niliyatoa yale manguo sandukuni jioni ileile.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mpangaji wa mfano. Mwenye nyumba, mzee mmoja mrefu, Mbelgiji wa viatu vinavyong'aa, alikuwa akija mara moja kwa mwaka, mwezi wa tano. Alinifundisha mwenyewe kuwasha mashine ya kukata nyasi, na kila baada ya wiki mbili mimi huyo, kitenge kiunoni, nikiisukuma kwenda na kurudi. Alipokuja kukagua alichuchumaa kwenye kingo za nyasi na kuzitazama kama kinyozi anavyotazama shingo ya mteja. Akasema vizuri sana. Nikajiona nimefaulu mtihani.

Juu yetu aliishi mama mmoja wa Kikongo, wa kutoka Likasi, mjane, umri wa kunizaa mimi. Siku ya kwanza nilipomsikia kwenye ngazi akijisemea Kiswahili niliacha masufuria motoni nikatoka mbio. Kilikuwa Kiswahili cha kwao, kimekatwa kwa namna nyingine na kujazwa Kifaransa, lakini kilikuwa Kiswahili, na mimi nilikuwa nimemaliza miezi mingi nikizungumza na mume tu. Alinishika mashavu kwa mikono miwili. Nikamwita Maman, kama wanavyosema wao, naye akaniita mtoto wake. Tangu siku hiyo mkoba wake wa sokoni haukupanda ngazi mgongoni mwake tena. Ngazi zilikuwa kumi na tisa, na magoti yake yalikuwa mabovu, nilibeba mimi.

Alikuwa akikaa kwenye kiti mlangoni pangu pa jikoni akinitazama nikihangaika na mashine.

"Mutoto yangu, unachoka bure," aliniambia siku moja. "Hii nyasi unaikatia nani? Uko na mbuzi?"

"Mkataba unasema hivyo, Maman."

"Bon, contrat. Contrat inasema utunze jardin sawa baba muzuri ya famille. Njo vile banaandikaka mu contrat zote. Sasa baba muzuri anaachaka udongo inalala bure, na batoto banakula mboga ya congélateur, ya barafu? Miye niko hapa vingt-deux ans. Hawa batu minabajua."

Maneno hayo, ya mtu aliyekaa pale miaka ishirini na miwili, yaliniingia kwa sababu ndiyo niliyotaka kusikia. Kila siku nilikuwa nautazama ule udongo mweusi, mororo, wa kukatika kama keki, ukibeba majani ambayo hata mbuzi hayajui, na roho ikiniuma. Uvivu wangu ulikuwa umeandikwa kwenye mkataba. Mama yangu angeuona uwanja ule angesema nimeharibika Ulaya.

"Na mwenye nyumba?" nikauliza.

"Patron anakuyaka paka mois de mai, mwezi ya tano tu. Ngoja apite. Akishapita, haonekane tena mpaka année prochaine, mwaka ingine. Tutalima, tutakula, kisha mu octobre tunarudisha nyasi yake. Nyasi ni nyasi, inaotaka."

Niliona nimepata mtu mwenye akili. Mume wangu alipouliza kama nimeomba ruhusa ya maandishi, nilimjibu kwamba akiitaka ruhusa akaiombe yeye, mimi nataka mchicha. Akanyamaza. Ni mtu wa kunyamaza, na mara nyingi nimetamani asingekuwa.

Jembe lilikuwa la Maman. Alikuja nalo Ulaya ndani ya sanduku, chuma chenyewe kimeviringishwa kwenye kitenge, mpini akautafuta hukuhuku. Alinikabidhi kwa heshima, akakaa kwenye kiti chake na kuniongoza. Hapo ongeza. Hapo acha, kuna jiwe. Nilianza na kipande cha ukubwa wa mkeka. Wiki iliyofuata mkeka ukawa mikeka miwili. Kufika mwezi wa saba nyasi zilikuwa zimebaki ukanda tu pembeni mwa ua, na sehemu nyingine yote ilikuwa matuta. Nilipanda matembele ambayo vijiti vyake nilivipata duka la Kiafrika Ixelles, nikapanda maboga kwa ajili ya majani, na mchicha ambao mbegu zake mama alinitumia kutoka nyumbani, kazifunga kwenye kikaratasi ndani ya barua. Maman aliuita lengalenga. Tulibishana juu ya jina na tukala pamoja.

Na tulikula kweli. Mchana nilikuwa nachuma kikapu kizima, napanda nacho zile ngazi kumi na tisa, yeye anasonga bukari, ugali wa kwao, mimi natwanga karanga, tunakaa mezani kwake dirisha likiwa wazi. Alinisimulia marehemu mumewe, reli za Likasi, watoto wake walio Kanada wasiopiga simu. Mimi nilimsimulia mambo ambayo sikuwa nimemwambia mtu, kwamba nimeharibikiwa na mimba mbili, na kwamba ile ghorofa ya tano ya Ixelles naichukia kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya mabasi. Aliniambia nilie. Nililia, akanifuta kwa pindo la kitenge chake. Nikamwandikia mama kwamba asiwe na wasiwasi, huku nimepata mama mwingine.

Alikuwa na kamera ndogo ya dijitali aliyopewa na watu wa kanisani kwake. Hakuweza kushuka kila mara kwa sababu ya magoti, kwa hiyo alinipiga picha kutoka dirisha la jikoni kwake.

"Angalia huku juu, mutoto yangu. Cheka. Tutatumia mama yako, aone."

Nami niliinua uso, jembe mkononi, jasho linanitiririka, nikacheka. Alinipiga nikichimba, alinipiga nikibeba rundo la matembele kifuani, alinipiga nikiwa nimesimama katikati ya matuta na mikono kiunoni, nikijiona mkulima mkubwa wa Ubelgiji yote. Alikwenda kuzisafisha dukani, akaniletea nakala. Ile ya mikono kiunoni nilimtumia mama.

Mwezi wa tisa, asubuhi moja ya Alhamisi, Maman alishuka mwenyewe ngazi zote zile na magoti yake mabovu. Alikaa mezani kwangu bila kuvua koti.

"Minasikia patron atakuya leo," alisema. "Mutoto yangu, akikuuliza, usinitaje. Weye uko na bwana, bwana iko na ambassade. Miye niko peke yangu. Akinifukuza, nitaenda wapi?"

Sikumwuliza kasikia wapi. Hilo nimelirudia kichwani miaka mingi, kwamba sikumwuliza. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi, nikamwambia awe na amani, jina lake halitatoka mdomoni mwangu. Nilijisikia vizuri hata, kama binti anayemkinga mama yake.

Mwenye nyumba alifika saa nne. Alipita jikoni moja kwa moja mpaka uwanjani, akasimama na vile viatu vyake kwenye ukingo wa tuta la kwanza. Mume wangu alikuwa kazini. Kifaransa changu kilitosha.

Aliuliza nani kafanya hivi. Nikasema mimi peke yangu. Akauliza kama yule bibi wa juu hakunisaidia. Nikasema hakunisaidia. Akauliza, polepole, akinitazama machoni, kama yule bibi wa juu hakuwahi kuniambia chochote kuhusu nyasi hizi. Nikasema hapana, bwana, hajawahi kuniambia neno. Akatoa daftari dogo mfukoni akaandika. Nilidhani anaandika matuta yangu.

Nilimwomba radhi na kumwahidi nyasi zitarudi, naye akaitikia kwa kichwa. Wiki ileile tuling'oa kila kitu. Mume wangu alisawazisha udongo kwa reki, shati la ofisini mwilini, bila kunilaumu, nami nilimwaga mbegu za nyasi juu ya mahali palipokuwa na mchicha wa mama yangu. Maman aliniangalia kutoka dirishani. Jioni alinishushia bakuli la supu. Zilikuwa nyasi za haraka. Kabla ya baridi uwanja ulishakuwa na manyoya ya kijani, na niliona tumepona.

Barua ya rejista ilikuja mwezi wa kumi na mbili. Mkataba wetu wa miaka miwili ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi wa tatu, na mwenye nyumba hakutaka kuuendeleza. Hakutoa sababu, na sheria haikumdai sababu. Nilipanda juu nikalia kwenye kitenge kilekile. Maman alisema wazungu ndivyo walivyo, leo wanacheka na wewe, kesho hawakujui. Alisema ataniombea.

Siku ya kukabidhi nyumba mwenye nyumba alikuja na fundi wake wa ukaguzi, wakapita chumba kwa chumba wakiandika. Juu ya pesa ya dhamana sisemi kitu, si hiyo iliyoniuma. Tulipofika uwanjani nyasi zilikuwa zimejaa, nzuri, fupi, kingo zimenyooka. Nilikuwa nimezikata mwenyewe siku mbili kabla. Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, bwana, tazama, zimerudi zote, kwa nini unatutoa?

Hakukasirika. Alisema nyasi si tatizo, nyasi hurudi. Tatizo ni kwamba yeye hawezi kukaa na mpangaji anayemdanganya usoni. Nikamwuliza nimemdanganya nini. Akafungua jalada lake juu ya meza ya jikoni, meza ambayo ilikuwa bado yangu kwa saa mbili hivi, akanigeuzia.

Nilijiona mimi. Nilijiona nikichimba, nikibeba matembele, nikiwa na mikono kiunoni. Picha zote zimepigwa kutoka juu, na katika kila picha nimeinua uso na ninacheka. Chini yake kulikuwa na barua ya mwandiko mzuri wa mkono ambao niliujua, kwa sababu ndio uliokuwa ukiniandikia orodha za sokoni. Niliisoma taratibu. Ilikuwa ya mwezi wa nane, wakati tunakula kila mchana. Alimweleza mwenye nyumba kwa heshima kwamba mpangaji wa chini anaharibu bustani, kwamba yeye, mama mzee, amemwonya mara nyingi bila mafanikio, na kwamba mpangaji huyo humcheka, kama picha zinavyoonyesha.

Mume wangu alisoma juu ya bega langu.

"Mwambie ukweli," alisema. "Mwambie sasa hivi."

Ningesema nini? Mimi mwenyewe, kwa ulimi wangu, nilishamwambia mzee yule kwamba Maman hakushiriki na hakusema neno, na ameandika daftarini. Kwake hilo la pili tayari lilikuwa uongo, na leo nikigeuza la kwanza nani ataniamini? Nilikuwa nimejifungia mlango mwenyewe na kumpa Maman ufunguo.

Niliuliza kitu kimoja tu, nani atahamia chini. Mwenye nyumba alisema ni bibi wa juu. Ana matatizo ya magoti, alisema, na anapenda bustani.

Jembe lake lilikuwa bado kwenye kibanda cha vifaa. Nililichukua nikapanda ngazi kumi na tisa kwa mara ya mwisho. Alifungua kabla sijagonga mara ya pili, na nitampa haki yake, hakujifanya haelewi.

"Patron alikuonyesha," alisema.

"Amenionyesha. Nimeleta jembe lako."

"Ingia. Utakunywa chai."

"Kwa nini, Maman?"

Aliegemea mlango kupunguza uzito kwenye magoti. "Cinq ans, miaka tano, minamuomba ile nyumba ya chini," alisema. "Anakatala. Anasema mumama muzee hataweza pelouse, ile nyasi yake. Kisha munakuya weye na bwana, anabapatia mara moja. Kila siku minapanda hii escalier, minasikia weye unaimba huko chini. Ungekuwa miye, ungefanya nini?"

"Ningesema. Ungeniambia tubadilishane, ningemwambia mume wangu, tungehamia juu sisi. Ningekulimia na hukohuko chini."

Nimejiuliza mara nyingi kama kweli ningekubali kuuacha uwanja ule. Naamini ningekubali. Mwaka ule, kwa mama yule, ningekubali.

Nadhani hilo la kuniomba halikuwahi kumpitia kichwani, na kwa dakika moja niliona linampita na kumwumiza. Kisha likaisha.

"Weye uko kijana," alisema. "Uko na bwana, uko na nguvu. Mutapata fasi ingine. Usikasirike, mutoto yangu."

Nilikuwa nimevumilia picha, nimevumilia barua. Lile neno la mwisho ndilo lililonishinda. Nililiegemeza jembe ukutani nikashuka.

Tulipata nafasi nyingine, kama alivyosema, karibu na stesheni ya Gare du Nord, ghorofa ya nane, dirisha likitazamana na minara ya ofisi. Nilikaa huko mpaka kazi ya mume wangu ilipokwisha. Sikupanda hata kitunguu kwenye kopo. Wanawake wa Kikongo walionisalimia kwa Kiswahili njiani niliwajibu na kuharakisha, na najua baadhi yao walikuwa watu wema ambao hawakunikosea lolote. Hilo nalo nalihesabu kwake.

Sasa niko nyumbani miaka mingi. Kwa mama Morogoro, sebuleni, juu ya redio, kuna picha ndani ya fremu ya mbao. Ni mimi katikati ya matuta, mikono kiunoni, uso juu, nacheka. Mama hajui kitu. Mgeni akiingia anaonyeshwa, anaambiwa huyu ni binti yangu akiwa Ulaya, mnaona alivyolima, hakusahau kwao. Sijapata ujasiri wa kuishusha, kwa sababu ningelazimika kueleza.

Na kila nikienda, tukishakula, mama akishakaa vizuri, ananiuliza habari za yule aliyenipiga picha, yule mama yangu wa kule, hajambo?

"Hajambo, mama," namjibu. "Anakusalimu."